Alama na rangi za ndege za upelelezi wa kivita (Afrika Mashariki)

Alama za utambulisho za ndege ya upelelezi ni michoro inayopakwa mabawani, ubavuni na mkiani ili askari wasiitungue ndege ya upande wao. Rangi ya mwili wake ina kazi iliyo kinyume, yaani kuificha machoni pa adui. Ndege yenye bunduki huweza kuustahimili mvutano huo. Ndege ya kupiga picha mara nyingi haina silaha yoyote, na kinga yake ni mwendo, kimo na kutoonekana. Kwa hiyo alama zake zimekuwa zikipunguzwa kila vita vilipozidi kuwa vikali.

Mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ndege za Waingereza zilichorwa bendera ya taifa chini ya mabawa. Kwa mbali msalaba wa bendera hiyo ulifanana na msalaba wa Wajerumani, na marubani wakawa wanapigwa risasi na wenzao. Desemba 1914 jeshi la nchi kavu likaiga miduara ya Wafaransa na kugeuza mpangilio wa rangi: bluu nje, nyeupe katikati, nyekundu ndani.

Kikosi cha 26 cha ndege, kilichoundwa na Waafrika Kusini, kilifika Mombasa mwanzoni mwa 1916 kikiwa na ndege za BE2c na Henri Farman. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwatafuta porini askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Ndege ya rubani Bruno Büchner, iliyokuwa tegemeo la Wajerumani wa huku, ilikuwa imeharibika mapema, na anga likawa la upande mmoja. Miduara ya Kikosi cha 26 kwa hiyo iliwahusu zaidi askari wa Kiingereza wenyewe, ambao wengi hawakuwa wamewahi kuona ndege.

Mabawa ya wakati huo yalikuwa ya kitambaa cha kitani kilichopakwa vanishi angavu, na jua la tropiki lilikidhoofisha upesi. Rangi ya kahawia-kijani iliyoitwa PC10, na PC12 yenye wekundu zaidi iliyokusudiwa nchi za joto, zilikinga kitambaa dhidi ya mionzi ya jua sawasawa na zilivyoificha ndege. Jambo hili husahaulika mara nyingi: rangi nyingi zinazodhaniwa kuwa za kificho tu zilikuwa pia dawa ya kuhifadhi chombo.

Katika Vita Kuu ya Pili, kwenye kampeni ya 1940–1941 dhidi ya Waitalia, ndege za Afrika Kusini zilizoruka kutoka Kenya, zikiwemo Hartbees za upelelezi za Kikosi cha 40, zilikuwa za jeshi lililoweka rangi ya chungwa mahali pa nyekundu katika miduara yake. Badiliko kubwa zaidi lilitokea Asia, na liliwagusa Waganda moja kwa moja. Jinja ilikuwa kituo cha askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na makaburi ya kivita yaliyopo mjini humo ni ya vita hivyo. Mwaka 1944 batalioni ya nne ya jeshi hilo, ya Uganda, ilikuwa Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikipita Bonde la Kabaw. Adui wa huko, Mjapani, alichora duara jekundu kwenye ndege zake. Doa lolote jekundu juu ya msitu lilitosha kumfanya askari afyatue risasi. Wamarekani waliondoa kitone chekundu ndani ya nyota yao Mei 1942. Waingereza wa India na Burma wakafuata 1943, wakabaki na bluu iliyokoza kuzunguka bluu hafifu au nyeupe.

Picha za kutengenezea ramani za Burma zilipigwa na Spitfire za Kikosi cha 681 na Mosquito za Kikosi cha 684. Spitfire hizo zilipakwa mwili mzima, juu na chini, bluu ya kijivujivu iliyobuniwa kwa ajili ya anga la juu, ambako tumbo jeupe lingeng'aa. Miduara yake ilikuwa midogo, na chini ya mabawa haikuwekwa. Mosquito ilikuwa ya mbao zilizogandanishwa kwa gundi, na joto na unyevu viliilegeza. Ikapakwa rangi ya fedha irudishe mwanga wa jua. Hapo usalama wa chombo ulitangulizwa mbele ya kujificha, na kwa haki, kwani bawa likiachana hewani rangi haina msaada.

Vita vilipokwisha, Lancaster za Kikosi cha 82, zilizoondolewa bunduki na kupakwa rangi ya fedha, zilipiga picha za makoloni zikitumia uwanja wa Eastleigh, Nairobi. Ramani za Uganda za kipimo cha 1:50,000, zinazoonyesha Jinja na mto Nile na Mbale chini ya mlima Elgon, zilichorwa kutokana na picha za angani. Kwa kazi hiyo hakukuwa na haja ya kujificha.

Vita vya Kagera kati ya Uganda na Tanzania, vilivyoanza Oktoba 1978, vilionyesha mipaka ya rangi. Uganda ilikuwa na MiG-17 na MiG-21 za Kisovieti, na Tanzania ndege za Kichina zilizotokana pia na miundo ya Kisovieti. Umbo halikutofautisha rafiki na adui, na kwa mwendo wa jeti mpiga mzinga hana muda wa kusoma alama ya ubavuni. Mwanzoni mwa vita ndege tatu za Tanzania zilitunguliwa na mizinga ya Watanzania wenyewe huko Musoma. Leo kazi ya kumtambua rafiki hufanywa kwanza na kifaa cha redio kinachojibu ishara ya rada kwa msimbo wa siri. Alama zimebaki kwa sheria ya kimataifa inayodai utaifa wa ndege ya kijeshi ujulikane, na ndege nyingi za upelelezi huzichora ndogo, kwa rangi ya kijivu isiyoachana sana na rangi ya mwili.