Nani alilisha Kolwezi? Kutoka posho ya Union Minière hadi kobalti ya simu

Kila mara mfuko wa unga wa mahindi unapopanda bei mjini Kolwezi, wazee wa kambi za zamani hurudia hadithi moja: kulikuwa na wakati ambapo unga haukununuliwa, ulitolewa. Vijana wa machimboni husikiliza kwa heshima, kisha huuliza swali ambalo wazee hawana jibu lake tayari. Kama zamani shirika lililochimba ndilo lililolisha, leo nani analisha, wakati madini haya haya yamo ndani ya simu na magari ya umeme ya dunia nzima? Ni Glencore? Ni Wachina? Au ni Apple na Tesla, ambao hakuna mkaaji wa Manika wala wa Dilala aliyewahi kuona mlango wa ofisi yao?

Swali hilo lina historia ndefu kuliko betri.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na shaba yake ya kwanza iliyeyushwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1911. Miaka ile ya kwanza haikuwa na ukarimu wowote. Wanaume walitafutwa mbali, wengi katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Waliletwa kwa mikataba ya miezi michache, wakalazwa katika kambi ambamo magonjwa yaliwamaliza, na waliopona wakarudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakubwa wa shirika walipiga hesabu wakaona kwamba mtu anayekuja na kwenda ni mtu wa gharama. Wakageuza mpango: mkataba uwe wa miaka 3, mke aje, watoto wazaliwe kambini. Wafanyakazi wapya wakatafutwa Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi.

Hapo ndipo posho ilipopata sura ambayo wazee wanaikumbuka. Kulikuwa na fungu la mume, fungu la mke na fungu la kila mtoto. Mshahara wa fedha ulikuwa mdogo. Sehemu kubwa ya malipo ilikuwa chakula, nyumba, shule ya wamisionari na hospitali. Bei ya unga ilipopanda, mwenye kuumia kwanza alikuwa shirika, kabla ya mama wa nyumba. Huruma haikuwa sababu. Mtu aliyeshiba huchimba zaidi, na mtoto aliyekulia kambini anaijua kazi kabla ya kuandikishwa. Tena aliyefukuzwa kazi aliondoka na jamaa yake yote, maana nyumba nayo haikuwa yake. Hata hivyo wazo moja lilipandwa ambalo halijang'oka hadi leo: kwamba mwenye madini ana deni kwa jamaa nzima ya mfanyakazi, wala deni hilo haliishii kwenye mikono yake miwili.

Kolwezi yenyewe ilianza mwaka 1937, shirika lilipoifanya makao ya machimbo yake ya magharibi. Haikupita miaka 5, vita vya Ulaya vikaonyesha posho inaishia wapi. Bei za nguo na vitu vya dukani zilipanda, mishahara ikabaki palepale. Wafanyakazi Wazungu walidai nyongeza kwanza. Waafrika wakafuata Desemba 1941, huko Jadotville, yaani Likasi, na Élisabethville. Tarehe 9 Desemba wagomaji walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville na askari wakawafyatulia risasi. Makumi ya watu walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake. Wale waliokufa walikuwa wakipewa posho. Hadithi ya siku njema za kambi mara nyingi huwasahau.

Mobutu alipoichukua Union Minière mwanzoni mwa 1967, na shirika likaja kuitwa Gécamines, maisha ya kambini hayakubadilika upesi. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba, nayo iliajiri watu zaidi ya 30,000. Vita vya Shaba vya 1977, na vya Mei 1978 vilivyomwaga damu nyingi ndani ya mji wa Kolwezi, vilipita, na ghala la chakula likafunguliwa tena. Lakini fedha ya shaba ilikwenda Kinshasa bila kurudi, na mashine zikazeeka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, ule wa chini ya ardhi, iliporomoka. Kufikia 1994 shaba iliyotolewa haikufika hata moja ya kumi ya ile ya 1986.

Miaka hiyo ndiyo iliyovunja nyumba nyingi za Kolwezi. Mwaka 1993 serikali ilitoa fedha mpya: zaire 1 mpya kwa zaire za zamani 3,000,000. Hiyo mpya nayo ikayeyuka mfukoni, bei zikipanda kwa maelfu ya asilimia kwa mwaka. Mshahara ulichelewa miezi, na siku ulipofika haukununua kitu. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu kizima juu ya jamaa hizi, na jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba ni shirika, lakini ni baba wa nyumbani pia. Mwanaume aliyekuwa akirudi na posho begani alibaki amekaa mlangoni. Mke, ambaye kwa miaka mingi shirika lilimfundisha kushona na kupika tu, ndiye aliyetoka kuuza unga kwa kopo, mkaa na samaki wakavu. Watoto nao wakatoka. Chakula kikaja kutoka mikono mingine, na heshima ya nani anasema na nani ananyamaza mezani ikageuka.

Katika uhaba huo huo kazi ilifanywa kisu. Tangu 1992, chini ya gavana Kyungu wa Kumwanza, watu wenye asili ya Kasai waliambiwa kwamba wanakula kazi za Wakatanga. Mwaka 1993 zamu ya Kolwezi ikafika. Maelfu walifukuzwa nyumbani, wakalala kituo cha gari la moshi wakingoja mabehewa ya kwenda Kasai, na wengi walikufa hapo au njiani. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa wamezaliwa Katanga, watoto na wajukuu wa watu ambao shirika lenyewe lilikwenda kuwachukua. Nafasi zao Gécamines hazikumtajirisha jirani yeyote, kwa sababu shirika halikuwa na mshahara wa kumlipa aliyebaki.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Laurent-Désiré Kabila iliruhusu watu kuchimba kwa mikono. Jina lao ni la Kifaransa, creuseurs, na siku hizi hakuna mtoto wa Kolwezi asiyelijua. Walikuwamo waliokuwa wafanyakazi wa Gécamines, walimu bila mshahara, wanafunzi bila ada. Halafu mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, Gécamines iliwaondoa wafanyakazi 10,655 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari ya mtu asiyelipwa miezi mingi ni neno la kupimwa kwa makini. Walipewa malipo ya mara moja, na malalamiko kwamba hesabu ilifanywa vibaya yaliendelea miaka mingi, yakirithiwa na wajane na yatima. Baba wa zamani alikuwa amelipa deni lake kwa bahasha moja.

Kwa hiyo ilipofika 2014, na mtu mmoja wa mtaa wa Kasulo akachimba kwenye kiwanja chake na kukuta kobalti, hakuna aliyehitaji kufundishwa la kufanya. Mashimo yalifunguliwa chini ya sebule, chini ya jikoni, chini ya njia. Mpangaji alichimba kwa mapatano na mwenye nyumba, wakagawana. Watu walikufa ndani ya mashimo hayo, na nyumba zikapasuka. Lakini kwa mara ya kwanza tangu posho, nyumba yenyewe ililisha waliomo. Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Lualaba, chini ya gavana Richard Muyej, iliikabidhi sehemu ya Kasulo kwa kampuni ya Congo Dongfang, tawi la Huayou ya China. Kaya zaidi ya 500 zilihamishwa, ukuta ukajengwa, na wachimbaji waliorudi kuchimba ndani yake wakatakiwa kumwuzia mnunuzi mmoja.

Wakati huo huo majina ya kampuni za teknolojia yalianza kusikika Kolwezi. Januari 2016 Amnesty International na shirika la Kongo Afrewatch zilitoa ripoti iliyofuata kobalti ya wachimbaji, pamoja na watoto, kutoka Kongo hadi Huayou, na kutoka huko hadi betri za simu. Mwaka uliofuata Apple ilisema imeacha kwa muda kununua kobalti iliyochimbwa kwa mikono. Ulaya na Marekani habari hiyo ilipokewa kama ushindi. Kwa mama wa Kolwezi anayeosha mawe, ilisikika kama mnunuzi anayekwenda zake.

Desemba 2019 jamaa za watoto waliokufa au kulemazwa machimboni zilishtaki Apple, Alphabet ya Google, Microsoft, Dell na Tesla mbele ya mahakama ya Washington. Kesi ilitupwa 2021, na Machi 2024 mahakama ya rufaa ikakubaliana na hukumu hiyo: kununua kwa kupitia mlolongo wa wauzaji hakuzifanyi kampuni hizo kuwa washiriki wa wale wanaotumikisha watoto. Kwa sheria ya Marekani jambo limeeleweka. Kwa kipimo cha Kolwezi, kile kilichopandwa na posho, ni vigumu kulielewa. Gramu chache za kobalti hulala ndani ya simu, kilo kadhaa ndani ya betri za magari mengi ya umeme, zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, na bado hakuna wa kuitwa baba.

Kampuni za mgodi zilizopo mjini nazo zimejifunza kusimama mbali. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza na CAJJ, kituo cha msaada wa kisheria cha Kolwezi, yalichunguza migodi mikubwa 5 yakakuta asilimia 57 ya wafanyakazi wameajiriwa na kampuni za kati. Kijana huvaa kofia ya mgodi, hupita lango la mgodi, huendesha mashine za mgodi, lakini mkataba wake, kama upo, una jina la mtu mwingine. Akiugua, mwenye mgodi anaweza kusema hamjui. Ndiyo maana hata kijana aliyezaliwa baada ya Gécamines kuanguka huzungumza juu ya nyumba na hospitali zake kana kwamba aliziishi.

Bei nayo haina huruma kwa mtu yeyote. Kobalti ilipanda hadi dola karibu 95,000 kwa tani mwaka 2018, ikaporomoka mwaka uliofuata, na Glencore ikasimamisha mgodi wake wa Mutanda. Miaka ya karibuni bei ilianguka tena, hadi tarehe 22 Februari 2025 serikali ikazuia kobalti yote kutoka nchini. Oktoba mwaka huo zuio likageuka kuwa mgao, kila kampuni na tani zake. Bei ya dunia ilipanda kweli. Mchimbaji wa mikono, ambaye hana mgao wala ghala la kungojea, alikuwa na watoto wa kulisha mwezi ule ule wa Machi. Huko mbali, watengenezaji wa magari, Tesla ikiwa mmoja wao, wameanza kutumia betri za chuma na fosfeti ambazo hazina kobalti kabisa.

Na unga? Tangu enzi za Union Minière eneo la shaba limekula mahindi ya ng'ambo ya mpaka, na hilo halijabadilika. Ukame ulipoipiga Zambia mwaka 2024 na serikali yake ikabana mahindi yasitoke, bukari iliadimika Kolwezi, mji unaokaa juu ya mali inayotafutwa na dunia nzima. Mashamba ya kuzunguka mji yaliyoweza kusaidia yako, mengi yake, ndani ya mipaka ya vibali vya madini.

Mtaa wa Cité Gécamines, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa shirika, sasa umepakana na shimo la COMMUS, kampuni ambayo sehemu kubwa ni ya Zijin ya China na iliyobaki ni ya Gécamines yenyewe. Amnesty na shirika la haki za binadamu la Kolwezi, IBGDH, yalieleza mwaka 2023 jinsi kaya zilivyohamishwa tangu mgodi ulipofunguliwa tena, zikipewa malipo ambayo hayakutosha kununua nyumba inayolingana na ile iliyobomolewa. Walioondoka walitoka kwenye nyumba zenye bomba na umeme, wakaenda kujenga pembezoni mwa mji, kwenye viwanja visivyo na bomba wala umeme. Maji huko hununuliwa kwa bidoni, na simu hupelekwa kwa jirani mwenye paneli ya jua, ambaye hutoza pesa kuichaji.