Redio kaseti inakoroma? Safisha hedi kabla ya kutupa kanda

Nyumba nyingi za Usagara na Mwanza bado zina kanda za ngoma za Kisukuma, au sauti ya babu aliyekwisha kufariki. Zikisikika hafifu, mara nyingi tatizo ni hedi: unga wa kahawia wa oksidi ya chuma hutoka kwenye mkanda na kuganda hapo.

Chomoa umeme, toa betri. Lowesha pamba ya masikio kwa spiriti, futa hedi taratibu mpaka pamba itoke safi. Futa pia gurudumu la mpira. Likiwa chafu, mkanda hutafunwa. Usikwangue kwa wembe. Acha ikauke dakika 10, kisha jaribu na kanda usiyoihitaji.

Hedi ikiwa imelika mfereji, kusafisha hakutoshi. Mpe fundi aibadilishe.