Wikendi Mombasa Ukitokea Tseikuru: Rada ya Mji Mkuu wa Zamani Bila Viza

Kila msee ana ile ndoto ya kutembea vichochoro vya mji wa kale Ulaya: ngome, kuta nene, bandari. Shida ni doo. Viza ya Schengen pekee ni yuro 90, na ukinyimwa hurudishiwi. Lakini ngome ya Wareno iko hapa kwetu, ndani ya mji uliokuwa makao makuu ya Waingereza Afrika Mashariki hadi 1905, Nairobi ilipochukua kiti. Siku nne zinatosha, mradi usizichome barabarani.

Njia: usipitie Nairobi

Hapa ndipo wengi wa Tseikuru hupotezea chapaa. Ukienda Nairobi kwanza unazunguka bure, halafu unaanza upya. Njia fupi ni Mwingi, Kitui, Mutomo, hadi Kibwezi, ambako SGR ina stesheni.

Kuna mtego mmoja: si kila treni inasimama Kibwezi. Unayotaka ni ile ya kaunti, inayotoka Nairobi saa mbili asubuhi na kufika Mombasa alasiri. Kibwezi inapita kabla ya saa sita, na ukitoka Tseikuru asubuhi hiyo hiyo hutaipata. Lala Kitui.

Tiketi kata mapema kwa *639#, na uangalie saa iliyoandikwa. Nairobi hadi Mombasa daraja la kawaida ni shilingi 1,500; ukipandia Kibwezi unalipa chini ya hiyo. Beba kitambulisho, bila hicho ni ngori.

Ratiba

*Alhamisi:* Tseikuru hadi Kitui. Ulizia mat ya kwanza ya kwenda Kibwezi kabla hujalala.

*Ijumaa:* Dandia treni Kibwezi. Inakushusha Miritini, si mjini, kwa hivyo weka kando nauli ya mathree. Tafuta chumba kisiwani, karibu na Mji wa Kale au Mwembe Tayari. Ukilala Nyali utakuwa unalipa nauli kila saa. Jioni shuka Mama Ngina upige upepo na mihogo ya kukaanga.

*Jumamosi:* Fort Jesus inafunguliwa saa mbili asubuhi. Ingia mapema. Jua la Tseikuru unalijua, lakini la Mombasa lina unyevu; shati inashika mgongo hata ukiwa kivulini. Mkenya analipa kiingilio nafuu kuliko mgeni, sababu nyingine ya kubeba ID. Alasiri zunguka Mji wa Kale. Jioni mangeni viazi karai na mshikaki.

*Jumapili:* Treni ya kaunti ya kurudi inatoka saa mbili asubuhi. Ukiikosa, tafuta basi la Nairobi linalopitia Kibwezi. Ukichelewa Kitui, lala hapo. Kama Jumatatu ni kazi, omba ruhusa mapema.

Unachoangalia

Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, na aliyechora ni Mwitaliano, Cairati. Waomani waliizingira kuanzia 1696, wakaichukua 1698. Waingereza wakaigeuza jela. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011.

Kutoka hapo fuata Ndia Kuu. "Ndia" ni "njia" kwa Kimvita, kwa hivyo unatembea barabara kuu ya enzi hizo. Tazama milango ya mbao iliyochongwa, Msikiti wa Mandhry, na Leven House karibu na bandari ya zamani.

Na usidhani wewe ni mgeni kwenye hii stori. Karne ya 19, misafara ya Wakamba ilileta pembe za ndovu pwani kwa miguu. Kivoi wa Kitui alikuwa kati ya vigogo wa biashara hiyo. Mmishonari Krapf alimfuata kwake 1849, na ni huko Ukambani alikoona Mlima Kenya. Kivoi aliuawa 1851 safarini kuelekea Tana, mto ule ule wa upande wenu.

Adabu na pesa

Mji wa Kale ni mtaa wa watu, si seti ya video. Luku iwe ya heshima, omba ruhusa kabla ya kupiga mtu picha, na wazee wape shikamoo. Ukichukua mtembezaji, elewaneni bei kabla hajaanza stori.

Mkiwa mbogi ya watu wanne, chumba na chakula mnagawana. Feri ya Likoni kwa anayetembea ni bure, hivyo kuvuka kuona bahari hakukugharimu kitu. Nauli ya kurudi iweke kando kwa simu kabla hujatoka Kitui, na usiiguse.