Mwenye Sikukuu ni Nani?

Neno "somo" katika lugha yetu lina maana zaidi ya moja. Somo ni fundisho litolewalo na mwalimu. Somo ni mtu mwenye jina moja na mwenziwe. Na kwa Wakristo Wakatoliki, somo ni mtakatifu ambaye mtu, kanisa au nchi nzima imewekwa chini ya ulinzi wake. Siku ya somo ikifika, ua wa kanisa hufagiwa, ngoma huwambwa, na masufuria makubwa hupandishwa mekoni. Mtu akikaa katika karamu ya namna hiyo huko Kasokola, kando ya mji wa Mpanda, hawezi kutazama kushoto na kulia asione nasaba nyingi zimekusanyika: Mbende na Mkonongo, Mpimbwe na Mfipa, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, Muha, na pengine mtu ambaye baba yake alizaliwa Burundi. Wote wanakula sahani moja. Basi hapa huzuka swali ambalo si dogo kama lionekanavyo: sikukuu hii ni ya nani?

Swali hilo limeulizwa kwa muda mrefu katika nchi iliyo mbali na Mpanda, nayo ni Ayalandi. Kila mwaka, tarehe 17 Machi, Waayalandi huadhimisha siku ya somo wao, Mtakatifu Patrick, na hapana siku nyingine itajwayo pamoja na jina la taifa lile kuliko hiyo. Lakini huyo Patrick hakuwa Mwayalandi. Maandishi yake mwenyewe, aliyoyaacha katika karne ya 5, yaeleza kuwa alizaliwa Uingereza, katika zama za utawala wa Warumi. Alipokuwa kijana wa miaka kama 16 alitekwa na maharamia, akapelekwa Ayalandi, na huko akachunga mifugo miaka sita hali ni mtumwa. Alitoroka akarudi kwao. Baadaye, kwa hiari yake, alirejea katika nchi ya utumwa wake akawa askofu wa watu wale wale waliokuwa wamemtumikisha. Katika barua yake ya kuwalaani askari waliowaua na kuwauza waumini wake, alijihesabu miongoni mwa Waayalandi. Aliandika "sisi", hakuandika "wao". Neno hilo dogo ndilo lililomfanya mwenyeji. Hakulirithi kwa baba yake. Alilipata kwa kazi na mapenzi.

Ni ajabu, basi, kwamba siku ya mtu wa namna hiyo iligeuzwa ua wenye mlango na bawabu. Katika mji wa Armagh yako makanisa makuu mawili, moja la Waprotestanti na moja la Wakatoliki, na yote mawili huitwa kwa jina la Patrick; kila upande ulidai kuwa ndio mrithi wake wa haki. Huko New York maandamano ya siku hiyo yalianza mwaka 1762, nayo yakawa fahari ya wahamiaji waliodharauliwa. Hata hivyo, wahamiaji hao walipopata nguvu, nao walijifunza kufunga mlango: kwa miaka mingi waandaaji waliwakataza Waayalandi wenzao waliokuwa mashoga kuandamana chini ya bendera yao wenyewe, na katazo hilo halikulegezwa mpaka mwaka 2015. Na mwezi wa Juni 2004, katika Ayalandi yenyewe, karibu wapiga kura wanane katika kila kumi walikubali kwamba kuzaliwa katika kisiwa kile hakutoshi tena kumpa mtoto wa wageni haki ya uraia.

Lakini historia haiko upande wa mabawabu siku zote. Katika kisiwa kidogo cha Montserrat, kilicho katika bahari ya Karibi, walowezi wa Kiayalandi walimiliki watumwa Waafrika. Tarehe 17 Machi 1768 watumwa hao walikusudia kuasi wakati mabwana wao wameshughulika na karamu ya Patrick. Siri ilivuja, na waasi wakauawa. Leo wajukuu wa watumwa wale huifanya siku hiyo kuwa sikukuu ya taifa lao, wakikumbuka si mtakatifu peke yake bali na mashahidi wao wa uhuru. Je, nani ana haki kubwa zaidi ya siku ya mtumwa Patrick: bwana aliyekunywa divai kwa jina lake, au mtumwa aliyekufa akitafuta alichokitafuta Patrick mwenyewe?

Turudi sasa Mpanda, maana mfano wa mbali hufaa ukimulika nyumbani. Nchi hii, ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Katavi, ina Patrick wake. Huko Karema, ufukoni mwa ziwa Tanganyika, Mapadri Weupe walipokea boma kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885. Mwaka 1889 alifika hapo kijana aliyeitwa Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa mto Niger, mbali sana na ziwa hili; alitekwa utotoni, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa, kisha akakombolewa na mapadri na kusomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Hakuwa na jamaa hata mmoja Karema. Akaoa huko, akazaa huko, akatibu na kufundisha dini huko, mpaka alipofariki mwaka 1956. Mwanawe akawa padri. Kwa nasaba Atiman alikuwa mgeni wa wageni. Kwa maisha alikuwa mwenyeji wa wenyeji. Mgonjwa aliyepona mikononi mwake hakumwuliza ukoo wake.

Hata mji wa Mpanda wenyewe ulikua kwa mikono ya watu waliotoka pengine. Reli iliyotoka Kaliua ilijengwa kwa sababu ya mgodi wa risasi, na mgodi ukavuta vibarua wa makabila mengi. Mgodi ulifungwa, watu wakabaki. Ikiwa tutamfukuza karamuni kila aliyefika na treni, sijui ni nani atakayebaki kula.

Jaribio kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilikuja baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Maelfu ya Wahutu walikimbilia Tanzania. Serikali iliwapa ardhi katika misitu, wakafungua makazi ya Ulyankulu huko Tabora, na Katumba na Mishamo katika nchi hii ya Mpanda. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe mapema, nao hawakuliweka chini. Walifyeka miyombo, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakalipa kodi, wakazika wazee wao katika udongo huu. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen kwa ukarimu uliooneshwa wakimbizi.

Mwaka 2007 waliulizwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi sana walichagua kubaki, na mwaka 2010 watu wapatao 162,000 walikubaliwa. Lakini kukubaliwa si kukaribishwa. Iliamuliwa kwanza kwamba wahame makazi yao na kutawanywa katika mikoa mingine, na vyeti vyao vikakaa bila kutolewa. Kwa miaka hiyo walikuwa wameuacha uraia wa kwanza bila ya kuushika wa pili mkononi. Mtu aliyezaliwa Katumba, asiyepata kuiona Burundi kwa macho yake, aliimba wimbo wa taifa kila tarehe 9 Desemba, hali hana karatasi ya kumwonesha kuwa wimbo ule ni wake. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014, na sharti la kuhama likaondolewa.

Wako watakaosema kwamba mwacha asili ni mtumwa, na kwamba sikukuu iliyo ya kila mtu si ya mtu yeyote. Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Taifa lisilo na kumbukumbu zake ni kama nyumba isiyo na milango, na wezi huipenda nyumba ya namna hiyo. Lakini mlango haukuumbwa ili ufungwe tu. Umeumbwa ufungwe na ufunguliwe, na busara ni kujua wakati wa kila kimoja. Ama asili, Patrick hakuisahau Uingereza alipoandika "sisi" ya Waayalandi, wala mzee wa Katumba haasi Tanzania akiikumbuka tarehe 1 Julai, siku ya uhuru wa nchi alikozaliwa. Moyo wa mtu una vyumba vingi. Utumwa ni kulazimishwa kuvifunga vyote isipokuwa kimoja.

Kipimo kilicho bora ni jembe. Aliyelima nasi siku ya njaa, aliyeuguza nasi siku ya maradhi, aliyezika nasi siku ya msiba, huyo ana haki ya kucheza nasi siku ya ngoma. Anayedai karamu kwa nasaba tu, na jembe lake lina kutu, amejikosesha mwenyewe haki hiyo. Patrick alipewa sikukuu na watu ambao hawakuwa ndugu zake. Atiman alipewa kaburi na watu ambao hawakuwa ukoo wake. Ikiwa karamu ya Kasokola itawahesabu wageni wake kwa kipimo hicho, haitapungukiwa na heshima wala na watu, na neno somo litakuwa limetimiza maana zake zote.