Jicho Lililofunzwa Kujua Ila

Ila ni neno fupi, na wazee wetu wa pwani walilitumia bila taabu kwa kasoro yoyote iliyojificha ndani ya bidhaa, iwe ni kitambaa, punda au jahazi. Lakini asiyepata kutakiwa alifasiri neno hilo mbele ya asiyejua kitu hawezi kudhani ugumu wake. Mtihani huo uliwafika wahandisi wa viwanda vya mabamba ya sakiti, yaani yale mabamba, aghalabu ya kijani, yaliyomo ndani ya redio, simu na kompyuta, walipotaka mashine iyakague badala ya macho ya watu.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, redio iliungwa kwa mkono, waya mmoja baada ya mwingine, kila kiungo kikitiwa lehemu na fundi wake. Na fundi akikosea, kosa lake lilibaki katika redio moja. Aliyelibadili jambo hili ni Paul Eisler, Myahudi wa Vienna aliyekimbilia Uingereza mwaka 1936, mtu aliyekuwa ameonja kazi ya uchapishaji kwao, ambaye alifikiri kwamba njia za umeme zingeweza kuchapwa kama zinavyochapwa herufi: karatasi ya shaba ikagandishwa juu ya ubao, sehemu inayotakiwa ikafunikwa kwa wino, na iliyobaki ikaliwa na dawa kali. Aliomba hataza mwaka 1943, na Wamarekani wakautumia ufundi wa namna hiyo katika viwashio vya makombora ya mizinga yaliyolipuka yakikaribia shabaha, hata mwaka 1948 serikali yao ikauachia kwa matumizi ya raia. Tangu hapo kosa la fundi liligeuka kuwa kosa la mchapaji, nalo, kama ajuavyo kila musahihi wa magazeti, halikai peke yake, bali huzaliana kwa kadiri ya nakala.

Kwa hivyo viwanda viliajiri wakaguzi, aghalabu wanawake, wakaketi safu kwa safu chini ya taa wakiwa na vioo vya kukuzia, wakiifuata kwa jicho mistari ya shaba ambayo upana wake ulipungua mwaka hata mwaka mpaka ukafika robo ya milimita. Aliyepata kuchambua mchele wa karamu atakumbuka kwamba ungo wa kwanza hutoka safi, na wa kumi hutoka na mawe yake, wala si kwa uvivu wa mchambuaji. Jicho lina kiwango chake, na likishachoka huona lile linalotarajia kuliona.

Rai ya kwanza iliyowajia watu ilikuwa nyepesi: ichukuliwe picha ya bamba zuri, ilinganishwe na picha ya kila bamba litokalo, na penye hitilafu pahukumiwe kuwa pana ila. Walakin ubao hutanuka kwa joto na unyevu, na kingo za shaba iliyoliwa na dawa haziwi sawasawa hata mara mbili; basi mashine iliyofuata rai hiyo ingeshitaki kila ukingo wa kila mstari. Katika kampuni ya Hitachi huko Japani, Masakazu Ejiri na wenzake walitangaza mwaka 1973 njia nyingine, ambayo mimi naihesabu kuwa ndiyo hikima kubwa ya historia hii yote, maana haikuhitaji bamba la kulinganishia. Picha ya bamba ilikondeshwa mpaka miiba midogo ya shaba iliyochomoza kando ya mistari ikatoweka, kisha ikanenepeshwa kwa kiasi kile kile. Mstari ukarudia unene wake, lakini mwiba haukurudi, kwa kuwa kilichokwisha toweka hakina cha kunenepa. Mpango ukigeuzwa, kunenepesha kukitangulia na kukondesha kukifuatia, vitundu na mapengo hujaa na hayafunguki tena. Kisha picha ya asili huwekwa sambamba na iliyopitishwa katika mateso hayo, na pale zinapohitilafiana ndipo penye ila. Yaani ila ilipata tafsiri: ni kitu chembamba mno kuwa kazi ya makusudi. Upungufu wa tafsiri hii nao ni dhahiri, kwani mstari mzima uliosahauliwa hauachi mwiba wala kitundu, na bamba lisilo nao hupita likisifiwa.

(Huko Ufaransa, Georges Matheron na Jean Serra walikuwa wameanza mwaka 1964 kujenga hisabati ya kunenepesha na kukondesha maumbo, wao wakichunguza mawe ya madini.)

Kilichozilazimisha fedha kufuata hikima ni mabamba ya tabaka nyingi. Tabaka za ndani zikishashindiliwa pamoja kwa joto hazifunguki tena, na ila iliyomo humo huwa imezikwa pamoja na gharama zote zilizotangulia. Tena sindano za kupimia umeme hutambua mstari uliokatika, bali uliokonda tu, utakaokuja kukatika mikononi mwa mnunuzi, huupitisha. Ilibidi kila tabaka ionwe kabla ya kushindiliwa. Katika miaka ya 1980 kampuni mbili za Israeli, Optrotech na Orbot, zilishindana kuuza mashine za kazi hiyo, hata mwaka 1992 zikaungana zikaitwa Orbotech, nayo mwaka 2019 ikaingia katika milki ya KLA ya California.

Vifaa vilipokwisha kuungwa juu ya bamba, lehemu ilileta tashwishi nyingine, kwa kuwa iling'aa kama kioo na kuipofusha kamera. Dawa yake ilikuwa taa za mviringo za rangi tatu, nyekundu juu, kijani katikati, buluu chini, hata palipo tambarare pakaonekana pekundu, na penye mteremko mkali wa lehemu iliyopanda vizuri pakaonekana pa buluu. Sheria ya Ulaya ilipoyapiga marufuku madini ya risasi, yaliyokuwa yakichanganywa katika lehemu, katika vyombo vingi vya umeme kuanzia Julai 2006, lehemu mpya ilitoka imefifia na yenye uso usio laini, na mashine zilizozoea mng'ao wa zamani zikawashitaki wasio na hatia mpaka zikafunzwa upya. Tena jumuiya ya wenye viwanda ya Marekani, IPC, katika kitabu chake cha kanuni kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1983, imegawa bidhaa katika daraja tatu, na kiungo kinachokubaliwa katika mwanasesere huweza kukataliwa katika chombo cha kuhifadhi uhai wa mgonjwa. Basi mashine itajuaje ila, ilhali ila yenyewe hubadilika kwa kadiri ya aendako mnunuzi na bidhaa yake?

Siku hizi mashine nyingi hazipewi tafsiri, bali huonyeshwa maelfu ya picha zilizokwisha hukumiwa na watu, zijifunze zenyewe. Na hata hivyo, kwa kuwa mashine hurekebishwa ielekee kushitaki kupita kiasi kuliko kuachilia, picha ya kila kiungo ilichokitilia shaka hupelekwa kwenye meza iliyo mwisho wa safu ya mitambo, ambako ameketi mtu mbele ya skrini, mwenye vitufe viwili: kimoja cha kusema ni ila, na kimoja cha kusema si ila.