Kuboresha gari la kasi Kampala: Breki kwanza, nguvu baadaye

Katika barabara za Kampala, gari aina ya Subaru Impreza husikika kabla halijaonekana. Wamiliki wengi, hasa vijana, hununua gari lililotumika Japani, kisha hulibadilisha wao wenyewe au kwa msaada wa fundi wa mtaani: bomba la moshi, ringi, springi, hata kompyuta ya injini. Kazi hiyo inaweza kufanywa vizuri na kwa gharama nafuu. Inaweza pia kuua injini, au kuua mtu. Mara nyingi tofauti hutokana na mpangilio: ni kipi kilichotangulia kubadilishwa.

Makala haya yanaeleza mabadiliko yanayofanywa zaidi, namna yanavyofanya kazi, na mambo ambayo mazingira ya Kampala yanayadai.

Kwa nini Subaru

Impreza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1992. Toleo la WRX lilikuja na injini ya lita mbili yenye tabo, yaani feni inayoendeshwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Nguvu yake ilikuwa farasi 240, kiasi kikubwa kwa gari dogo la wakati huo. Silinda zake nne zimelazwa, mbili kila upande, hivyo uzito wa injini hukaa chini. Magurudumu yote manne husukuma, jambo linalosaidia katika matope na changarawe.

Sifa hizo zilionekana katika mbio za magari. Subaru ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji kwa miaka mitatu mfululizo, 1995 hadi 1997, na mwaka 1995 Colin McRae wa Scotland akawa bingwa wa madereva akiendesha Impreza. Uganda nayo ina historia yake. Mashindano ya Pearl of Africa ni sehemu ya ubingwa wa Afrika, na Charles Muhangi aliutwaa ubingwa huo mwaka 1999. Mwaka 2011, Susan Muwonge aliibuka bingwa wa taifa katika mchezo uliokuwa umetawaliwa na wanaume. Kwa mashabiki wengi, gari linaloegeshwa uani ni ndugu wa gari walilolishangilia kando ya barabara ya vumbi.

Gari lina umri gani?

Mwaka 2018 sheria ya usalama barabarani ya Uganda ilirekebishwa ili kupiga marufuku kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Kwa sababu hiyo, Impreza za kizazi cha kwanza na cha pili zilizopo Kampala ndizo hizo hizo zinazobadilishana wamiliki, na kila mwaka zinazidi kuchakaa.

Hivyo hatua ya kwanza ya kuboresha ni kurejesha. Mpira uliokauka, bomba la maji lililovimba na beringi iliyolegea havitengenezwi kwa kuongeza nguvu, vinaongezewa mzigo. Kabla ya kununua chochote cha kupendeza, mmiliki anapaswa kujua hali ya mambo manne: oili, maji ya rejeta, mkanda wa taimingi na mgandamizo wa kila silinda.

Injini hizi hujulikana kwa kula oili, na kiwango kinaposhuka sana, beringi za shafti kuu hukosa ulainisho na kusagika. Kupima oili kila wiki kwa kijiti ni kazi ya dakika mbili. Mkanda wa taimingi nao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Ikiwa historia ya gari haijulikani, ni busara kuuhesabu kuwa umekwisha muda wake, kwa sababu ukikatika, vali na pistoni hugongana. Katika rejeta, maji matupu ya bomba huozesha aluminiamu. Kinachotakiwa ni kimiminika maalumu cha kupozea.

Breki na matairi

Mwendo ukizidishwa mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huzidi mara nne. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa, tangu breki zinapobana, huhitaji takriban mara nne ya umbali linaouhitaji likiwa katika kilomita 50. Ndiyo maana fundi makini huanza na breki.

Maboresho yenye faida kubwa hapa ni ya bei ndogo. Pedi za ubora mzuri, diski ambazo unene wake haujapungua chini ya kiwango kilichoandikwa pembezoni mwake, na mafuta mapya ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. Yakishapata maji, huchemka mapema yanapopata joto, na kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Kubadilisha kila baada ya miaka miwili ni desturi nzuri, na katika miteremko ya jiji lenye vilima kama Kampala si anasa.

Tairi lina tarehe yake. Ubavuni mwake, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililotumika linaweza kuwa na meno mazuri lakini mpira wake umekwisha kuwa mgumu, na mpira mgumu huteleza mvua inaponyesha. Katika gari linalosukuma kwa magurudumu manne, matairi yote yanapaswa kuwa ya kipimo kimoja na kukaribiana kwa uchakavu. Vinginevyo mfumo wa gia unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma huzunguka bila kupumzika na kuungua.

Ringi kubwa hupendeza, lakini zina bei yake. Kadiri ringi inavyokuwa kubwa, ndivyo ubavu wa tairi unavyokuwa mfupi, na ndivyo shimo la barabarani linavyofika kwenye chuma. Pia si kila ringi yenye matundu matano huingia: Impreza nyingi hutumia mduara wa bolti wa milimita 100, ilhali STI za kuanzia mwaka 2005 hutumia milimita 114.3. Kulazimisha kwa kutoboa upya au kwa vipande vya bei rahisi vya kuziba pengo ni kuweka maisha ya abiria juu ya bolti tano.

Springi: kushusha au kuinua?

Kukata springi ili gari lilale chini ni kosa la kawaida. Springi iliyokatwa hubadilika ugumu, inaweza kutoka mahali pake, na shokapu ambayo haikutengenezwa kwa urefu huo hugonga mwisho wake kila penye tuta. Magari ya mbio yanayoshindana katika barabara za changarawe za Uganda hayalali chini. Huwa na shokapu ndefu na nafasi ya kutosha chini ya tumbo la gari, ili magurudumu yaendelee kugusa ardhi.

Kwa matumizi ya jijini, shokapu mpya za kipimo cha asili, pamoja na mipira mipya ya mikono ya magurudumu, hubadilisha gari kuliko springi za kushusha. Baada ya kazi yoyote ya namna hiyo, pembe za magurudumu zinapaswa kupimwa kwa mashine. Bila kipimo hicho, matairi hulika upande mmoja ndani ya miezi michache.

Nguvu: hewa, petroli na joto

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na Mombasa. Injini isiyo na tabo hupoteza sehemu kama hiyo ya nguvu zake. Injini yenye tabo hufidia upungufu huo, lakini kwa kuzungusha feni kwa kasi zaidi, na hewa inayobanwa zaidi huwa na joto zaidi.

Joto hilo hukutana na tatizo la pili. Matoleo ya Japani yenye nguvu yalipangwa kutumia petroli bora ya nchi hiyo, yenye oktani karibu 100. Petroli ya kawaida katika vituo vya Kampala iko chini ya hapo. Oktani ndogo maana yake ni kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli unaweza kulipuka wenyewe kabla ya wakati wake. Sauti yake ni kama changarawe ndani ya kopo. Milipuko hiyo michache ikitokea gari likiwa limebeba mzigo mkubwa, kingo za pistoni zinazoshika ringi zake huvunjika.

Kwa hiyo kuongeza msukumo wa tabo kwa kubana kirubuni cha kuidhibiti, bila kupanga upya kompyuta ya injini, ni kamari. Anayetaka nguvu kwa usalama hufuata utaratibu: kwanza plagi, vichujio na pampu ya petroli viwe vizima, pili kiwekwe kipimo cha uwiano wa hewa na petroli, kisha mtaalamu apange kompyuta kwa petroli ile ile ambayo gari litanunuliwa kila siku, na katika mwinuko ule ule. Mpango ulionakiliwa kutoka gari la Ulaya au Japani haujui lolote kuhusu Kampala.

Mlio si nguvu

Ngurumo mashuhuri ya Subaru hutokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu yanayotoka kwenye silinda. Si kipimo cha nguvu. Bomba pana zaidi husaidia tabo kuzunguka upesi, lakini kuondoa vizuizi vyote vya moshi kunaweza kufanya msukumo upande kupita kiwango kilichowekwa, na injini ikapata hewa nyingi bila petroli ya kutosha.

Vivyo hivyo, vali inayotoa mlio wa kupumua dereva anapoachia kanyagio humwaga nje hewa ambayo kompyuta imekwisha kuihesabu. Petroli inayoingia inakuwa nyingi kuliko hewa iliyobaki. Moshi mweusi na plagi chafu ndiyo matokeo. Kichujio cha hewa kilichoachwa wazi karibu na injini nacho huvuta hewa ya moto na, katika barabara za vumbi jekundu, huruhusu mchanga laini kupita ikiwa ni cha ubora duni. Kisanduku cha asili chenye kichujio kisafi mara nyingi ni bora zaidi.

Umeme na taa

Moto wa gari mara nyingi huanzia kwenye waya ulioongezwa bila fyuzi. Kila waya mpya unaotoka kwenye betri unapaswa kuwa na fyuzi karibu kabisa na betri, na unene unaolingana na mzigo wake. Taa zenye mwanga mkali zikiwekwa ndani ya vioo visivyotengenezwa kwa ajili yake hutawanya mwanga, na mwendesha boda boda anayekuja mbele huona weupe mtupu.

Usukani wa michezo unapowekwa, mfuko wa hewa wa dereva huondoka. Wengi hawalifikirii hilo. Katika ajali ya mbele, usukani huo ndio unaokutana na kifua.

Anayefanya kazi nyumbani hapaswi kamwe kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Stendi mbili za chuma juu ya ardhi ngumu, na kizuizi nyuma ya gurudumu, ni gharama ndogo kuliko mazishi.

Spea zinatoka wapi

Eneo la Kisekka katikati ya jiji linajulikana kwa spea zilizotumika, na Katwe na Ndeeba kwa mafundi wa vyuma. Ujuzi uliopo huko ni mkubwa, lakini mnunuzi anapaswa kuwa macho. Spea za usalama kama pedi, mikanda ya viti na mikono ya usukani hazifai kununuliwa bila kujua zilikotoka. Risiti nayo ni muhimu, kwani kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai hata kama aliyeiba ni mwingine.

Sheria na bima

Usajili wa magari Uganda, uliokuwa chini ya Mamlaka ya Mapato, sasa uko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Mmiliki anayebadilisha injini au rangi anatakiwa kuhakikisha kumbukumbu za usajili zinalingana na gari. Namba ya injini isiyolingana huleta shida polisi wanapokagua na wakati wa kuuza. Masuala ya kelele na moshi yako chini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Bima nayo hutegemea ukweli: kampuni isiyoarifiwa kuhusu mabadiliko makubwa inaweza kukataa kulipa siku ya ajali.

Siku hiyo si ya kufikirika. Kwa mujibu wa takwimu za polisi, zaidi ya watu 5,000 walikufa katika ajali za barabarani Uganda mwaka 2024. Waendao kwa miguu na watumiaji wa boda boda ni sehemu kubwa ya wahanga, na hao hawana bati wala mfuko wa hewa.

Kwa anayetaka kujua gari lake lina uwezo gani, ipo njia halali. Shirikisho la vilabu vya mchezo wa magari nchini, FMU, husimamia mashindano ambamo barabara hufungwa, kofia ngumu huvaliwa, magari hukaguliwa kabla ya kuanza, na gari la wagonjwa husubiri. Ukaguzi huo huanza na mikanda, breki na matairi. Nguvu ya injini haiulizwi mwanzo.