Mizani, Kituo na Kibwagizo: Historia ya Pumziko kutoka Usukuma hadi Hurumzi

Katika mtaa wa Hurumzi, Mji Mkongwe wa Unguja, imesimama nyumba ndefu ya ghorofa ambayo leo ni hoteli. Mgeni aingiapo jioni hupandishwa ngazi zenye mwinamo mkali, akaonyeshwa chumba chenye kitanda cha kizamani cha Kizanzibari na mahali pa kuogea kwa nafasi, kisha akapanda hadi darini kulitazama jua likizama. Huko juu husikia adhana kutoka misikiti mbalimbali, na karibu naye kengele ya hekalu la Wahindu. Atalala usiku mmoja, atajimwagia maji bila haraka, na asubuhi atashuka mtaani akiwa mwepesi wa mwili. Hayo ni mapumziko, wala hakuna wa kuyakana. Lakini nyumba yenyewe haikujengwa kwa mapumziko, na atakaye kuijua historia yake hana budi aifuate njia ndefu iendayo bara, hadi Unyamwezi na Usukuma, katika nchi ambazo leo ni mikoa ya Tabora, Shinyanga na Geita.

Nyumba hiyo inahusishwa na Tharia Topan, tajiri aliyetoka Kutch, India, akafika Unguja angali mtoto hana kitu, akawa mmoja wa watu wenye mali nyingi kabisa katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1876 aliikodi forodha ya Sultani. Desturi ya zama hizo ilikuwa kwamba mkodi humlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, naye hukusanya ushuru wa kila kiingiacho na kitokacho. Yeye ndiye aliyewakopesha mali wafanyabiashara wa misafara, akiwamo Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mwaka 1890 Waingereza walimpa cheo cha heshima, na mwaka uliofuata akafariki dunia.

Baadaye, ilipotolewa amri ya kuufuta utumwa mwaka 1897 katika enzi ya Sultan Hamoud bin Mohammed, nyumba hiyo ikawa mahali ambapo mabwana walilipwa fidia kwa watumwa walioachwa huru. Na wenyeji husimulia kwamba jina la Hurumzi limetokana na neno huru. Hivyo nyumba moja imepata kazi tatu: kwanza iliandikiwa hesabu ya pembe, kisha hesabu ya watu, na tangu miaka ya 1990, ilipofanywa hoteli na Mmarekani Emerson Skeggs aliyefariki mwaka 2014, imekuwa ikihesabu usiku wa wageni.

Mpenzi wa ushairi hatalipita neno hesabu bila kusita. Shairi nalo lina mizani, nasi twazihesabu kwa vidole. Katika forodha ya Unguja mizani ilikuwa chombo cha chuma, na kipimo chake kilikuwa frasila, yaani ratili 35, kiasi cha kilo 16. Pembe ya ndovu ilipimwa kwa frasila, na ushuru wake haukuwa mmoja kwa pembe zote. Pembe iliyotoka Unyamwezi ilitozwa zaidi kuliko ile ya sehemu nyingine za pwani. Kutoka hapo ilisafirishwa Bombay ikachongwe bangili za maharusi, au Uingereza na Marekani ikafanywe vibonyezo vya piano, mipira ya biliadi na vitana. Safari ya kurudi ilileta shanga, waya, na nguo za pamba ambazo kwa asili yake ziliitwa merikani.

Mali hiyo, pamoja na ile ya karafuu, ndiyo iliyoujenga mji tuujuao. Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya mfereji, akajenga Beit al-Ajaib iliyomalizika mwaka 1883, na akaamuru ijengwe hamamu ya umma katika mtaa ambao hadi leo unaitwa Hamamni. Fundi wake alikuwa Haji Gulamhussein, mjuzi wa majengo ya Kiajemi. Mtu aliingia, akavua nguo katika chumba cha nje, akapita chumba cha maji ya moto na cha maji ya baridi, akanyolewa, akakaa kitako kuzungumza. Hamamu hiyo iliacha kutumika mwaka 1920, nayo yatembelewa sasa kama kumbukumbu, birika zake zikiwa kavu.

Kabla yake palikuwa na hamamu za majumba. Ile ya Kidichi ilijengwa mwaka 1850 na Sayyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, binti Irich Mirza, na kuta zake zingali na nakshi za maua na ndege. Hamamu za Mtoni nazo zimeelezwa na Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886.

Yote hayo yamekwisha kuandikwa na kuandikwa tena, na kila kiongozi wa watalii anayajua. Kisichosemwa mara nyingi ni nani aliyebeba.

Kabla ya reli, kati ya Unyamwezi na bahari, hapakuwa na mnyama wa kubeba mizigo aliyeweza kuhimili mbung'o na ndorobo. Kilichovuka kilivuka juu ya kichwa au bega la mtu. Wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa Wanyamwezi, na pamoja nao ndugu zao Wasukuma na Wasumbwa. Hata majina hayo yana habari yake. Watu wa pwani ndio waliowaita wenzao wa magharibi Wanyamwezi, watu wa mwezi. Na sukuma katika lugha yao ni upande wa kaskazini, kwa hiyo Msukuma ni mtu wa kaskazini kwa amtazamaye kutoka Unyanyembe. Wasumbwa wa Ushirombo na Runzewe, ambako sasa ni mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012, walikuwa wasafiri mashuhuri; kutoka kwao alitoka Msiri, aliyekwenda kuanzisha dola ya Garenganze huko Katanga na kuuawa mwaka 1891.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na chungu chake, mkeka wake na silaha yake. Kutoka Unyanyembe hadi pwani, kwa njia ya miguu, ni zaidi ya kilomita 800, na atokaye Usukuma huanza safari mbali zaidi ya hapo. Mwendo wa miezi miwili au mitatu ulikuwa wa kawaida, na ndui, njaa na vita vilifupisha maisha ya wengi njiani. Hata hivyo ingekuwa kuwadhulumu kuwasawiri wote kama watumwa. Wapagazi wa Kinyamwezi walio wengi walikuwa watu huru wenye ujira, waliopatana bei, waliogoma walipopunjwa posho, na waliopanga safari zao zisigongane na msimu wa kulima. Kwao kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado hajatimia utu uzima.

Msafara uliongozwa na kirangozi, naye aliondoka na wimbo. Walianza alfajiri, na kabla jua halijawa kali mno walikuwa wamefika kituoni. Hapo mzigo ulitua, vibanda vya majani vikasimamishwa, boma la miiba likazungushwa, moto ukawashwa. Katika vijiji vya Unyamwezi palikuwa na iwanza, nyumba ya baraza ambamo wanaume walikutana, wakavuta tumbaku, wakazungumza, na mgeni akapata pa kujilaza. Burton na Speke, waliofika Unyanyembe mwaka 1857, waliiona na kuieleza. Wasukuma nao wana shikome, moto wa jioni ambapo wazee huwafunza vijana, na wana wigashe, ngoma inayochezwa kwa kukaa. Kwa hiyo pumziko halikuwa jambo ambalo watu wa bara walikuja kulisikia pwani. Walikuwa na nyumba yake, saa yake na nyimbo zake.

Neno kituo latokana na kutua, na kutua ni kuweka mzigo chini. Mshairi huliita kituo neno lile lile linalofunga ubeti, mstari wa mwisho ambapo sauti hushuka na pumzi hurudi. Na pale kituo kinaporudiwa kila ubeti twakiita kibwagizo, neno litokanalo na kubwaga. Kubwaga ni kutupa chini kwa nguvu kilichokuelemea. Ndilo neno lisikikalo katika jina la Bagamoyo, bandari ya mwisho wa njia, ambalo wengi hulifasiri kuwa ni bwaga moyo. Wako wasemao kuwa ni kauli ya mpagazi aliyefika: moyo wangu, tulia, safari imekwisha. Wako wasemao ni kilio cha mtumwa aliyejua kuwa akivuka hapo harudi tena kwao: moyo wangu nauacha huku. Wazee wameachiana maana zote mbili, na hakuna sababu ya kuichagua moja. Mwambao huo huo ulimpokea mtu aliyekuja kuchukua ujira na mtu aliyekuja kuuzwa, na yumkini siku moja.

Hakuna ushahidi kwamba washairi waliyatoa maneno hayo katika misafara, wala si lazima utafutwe. Latosha kuona kwamba lugha yetu, ilipohitaji jina la mahali pa kupumulia katika shairi, ililiita kwa lugha ya mzigo. Maneno mengine ya njia hiyo yamebadilika sura. Hongo ilikuwa ushuru wa wazi, nguo na shanga alizopewa mtemi ili msafara upite katika nchi yake. Leo ni rushwa itolewayo gizani. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi; leo ni fedha ya mkutanoni. Lakini kituo na kibwagizo vimebaki na maana yao.

Mpagazi aliyefika Bagamoyo aliisubiri safari ya kurudi kwa wiki au miezi, katika vibanda vya nje ya mji. Maji ya kuoga aliyonayo yalikuwa ya bahari na ya visima. Hamamu ya Barghash ilikuwa ng'ambo ya mkondo wa bahari, na haikujengwa kwa ajili yake, ingawa bega lake lilikuwa miongoni mwa yaliyoilipia. Kisha njia yenyewe ikafa. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake kupitia Shinyanga likafika Mwanza mwaka 1928. Upagazi wa njia ndefu ukakoma, na nyimbo zake zikahamia katika ngoma za kulima.

Hata hivyo mali haikuacha kushuka kutoka huko. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga. Na almasi moja ya rangi ya waridi kutoka mgodi huo ilitolewa zawadi ya arusi mwaka 1947 kwa Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966, na mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mpya mkubwa; mwaka uliofuata ukafuatia ule wa Bulyanhulu, Kahama. Nchi ile ile iliyotoa pembe ikatoa kito na dhahabu, na vingi vya hivyo vimepambia vidole vya watu wasioweza kuitaja Shinyanga wala Geita.

Majengo ya zama za misafara yaliyosalia yamegawana bahati. Bagamoyo, jengo la Karavanserai limefanywa makumbusho. Kwihara, karibu na Tabora, tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 nalo ni makumbusho, na laitwa kwa jina lake. Unguja, nyumba nyingi za matajiri wa pembe zimekuwa hoteli, hasa baada ya Mji Mkongwe kuandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Si jambo la kulaumu moja kwa moja. Nyumba isiyokaliwa huanguka, na zimeanguka nyingi. Hata Beit al-Ajaib, iliyokuwa fahari ya mji, ilibomoka sehemu yake mwezi Desemba 2020. Mgeni alipaye kulala na kuoga ndiye anayelipia chokaa na boriti.

Neno moja tu ladaiwa. Katika nyumba hizo mgeni husomewa majina ya masultani, ya matajiri wa forodha, ya mabalozi na ya wapelelezi wa Kizungu. Jina la kirangozi wa Kisukuma au la mpagazi wa Kisumbwa halimo, na kwa wengi wao halitapatikana tena, maana daftari za forodha ziliandika frasila zikaacha wabebaji. Lakini jina la kazi yao lipo, na nchi zao zipo. Haitagharimu kitu kwa mwenye nyumba ya Hurumzi, au kwa mlinzi wa Hamamni, kuongeza katika maelezo yake sentensi ya kwamba kuta hizi zililipiwa na pembe, na pembe zililetwa juu ya mabega ya watu wa Unyamwezi na Usukuma. Na kijana wa Kahama au wa Geita, ambaye leo hufika Unguja kwa boti kutoka Dar es Salaam kutafuta kazi katika hoteli hizo hizo, akiisoma sentensi hiyo atajua kwamba si yeye wa kwanza wa kwao kuja kuhudumia pumziko la mwambao, na kwamba ana haki ya kukaa barazani hapo naye akatua.